Kila Januari ninaapa, kila Februari ninaacha: je, Machi itanifaa zaidi?

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, mkoani Tanga, nina umri wa miaka 38, na tangu mwaka 2016 ninaishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu ambaye huweza kukaa barabarani wiki mbili hadi tatu, na mimi ninawahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku, siku tano kwa wiki. Tuna watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 6, ambao usiku hubaki na binamu yangu tunayeishi naye.

Jambo linalonisumbua ni la kila mwaka. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, baada ya ibada, huketi na daftari nikaandika malengo ya mwaka, na ninapoyaandika huwa ninayaamini kwa moyo wote. Mwaka huu niliandika kwamba nitajiunga na chuo cha uuguzi, nitapunguza kilo 15 na nitaweka akiba ya dola 5,000. Nilikwenda kwenye ukumbi wa mazoezi mara nne. Tovuti ya chuo niliifungua mara moja, nikaona orodha ya vyeti vinavyotakiwa, nikaifunga. Ilipofika katikati ya Februari, nje kukiwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, nami nikiingia kazini gizani na kulala mchana kutwa, daftari lilikuwa limeshaingia chini ya godoro pamoja na ya miaka iliyopita.

Siku hizi za karibuni mwenzangu wa kazini, mama wa makamo aliyezaliwa na kukulia hukuhuku, aliniona nimenyong'onyea, akaniuliza, nikamweleza. Akaniambia kwamba kosa langu ni kuanza mambo Januari, kwa sababu katika nchi hii Januari hata miti imelala, na kwamba yeye mwaka wake huuanza Machi, majira ya kuchipua yanapoingia, mwanga unaporudi na barafu ya maziwa inapoanza kulainika. Maneno yake yalinipa nguvu. Nilirudi nyumbani nikaandika orodha mpya ya mambo 11, nikaibandika kwenye mlango wa friji, nikaweka tarehe ya kuanza kuwa 20 Machi, ambayo kalenda ya hapa inaitaja kuwa siku ya kwanza ya majira hayo. Humo nimeandika chuo, kilo, akiba, kulala kwa muda wa saa nane, kusoma Biblia nzima, kumpigia mama simu kila siku, kuwafundisha watoto Kiswahili, kujifunza kuogelea, kulima mchicha nyuma ya nyumba, kuacha soda kabisa na kumalizia nyumba ya mama.

Mume wangu aliporudi safari aliisoma, akacheka, akasema, "Hii ni orodha ya Januari, umeihamisha tarehe tu." Aliniumiza kwa sababu na mimi ninashuku ni kweli.

Kuna na hili la fedha. Marejesho yangu ya kodi ya mwaka huu, yaani kodi niliyokatwa kupita kiasi ambayo serikali hunirudishia, ni kama dola 3,400, na yanatarajiwa kuingia wakati wowote. Nilikuwa nimeyawazia ada ya muhula wa kwanza. Lakini nyumba ya mama kule Muheza imefika kwenye lenta, haijapauliwa, na kaka zangu wananiambia masika hayo yanaingia, nitume hela ya mbao na mabati kabla kuta hazijaharibika. Nikituma, chuo kimekwenda. Nisipotuma, nitaonekana nimejali Marekani kuliko mzazi.

Shangazi, mimi nimejiona ni mtu asiyemaliza jambo. Kitu pekee ninachokimaliza kila mwaka ni kutokunywa soda wakati wa Kwaresima, na hata sasa nimetimiza siku ya kumi na nne sijaigusa, lakini hicho sikihesabu kwa kuwa kila mtu kanisani ana chake alichojinyima. Ninaomba unieleze: je, ni kweli kwamba majira ya kuchipua ni wakati unaofaa zaidi kujianza upya, au nimepata kisingizio kingine cha kuahirisha? Na kama ni kweli, nianze na lipi kati ya hayo 11?

Mchovu wa Baridi,
Minneapolis

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Mwenzako wa kazini amekuambia kweli, na mumeo naye amekuambia kweli, ingawa yeye angeweza kuisema bila kucheka. Nitaanza na ya mwenzako kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza kwanza.

Hakuna kitu ndani ya tarehe 1 Januari kinachoifanya iwe mlango wa mambo mapya isipokuwa makubaliano ya watu. Warumi wa kale mwaka wao uliwahi kuanza Machi, na ndiyo sababu Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba mpaka leo zinabeba majina yanayotokana na saba, nane, tisa na kumi kwa Kilatini, ingawa sisi tunazihesabu kuwa za tisa hadi za kumi na mbili. Uingereza nayo mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi hadi kalenda ilipobadilishwa katikati ya karne ya 18. Waajemi wanaanza mwaka wao hadi leo siku ambayo usiku na mchana vinalingana, na wanaiita Nowruz, jina ambalo lilivuka bahari likafika pwani yetu na kuwa nairuzi, siku ya mwaka, ambayo mabaharia na wakulima wa Kiswahili walihesabu kutoka kwayo siku za pepo na za kupanda. Hesabu yetu ilikuwa ya siku 365 bila siku ya nyongeza ya mwaka mrefu, kwa hiyo nairuzi ikawa inasogea kidogo kidogo, na watu wa Makunduchi kule Unguja sasa wanaoga mwaka wao mwezi Julai. Nimeyaeleza haya ili usimwone mama yule kuwa mtu wa visingizio. Amekupa desturi ya zamani sana, na ya mahali anapoishi.

Tena wapo waliolipima jambo lenyewe. Mwaka 2014 watafiti watatu waliokuwa Marekani, Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu hutafuta habari za kupunguza uzito, huenda mazoezini na hujiwekea ahadi kwa wingi zaidi mara baada ya siku zinazoonekana kama mpaka: mwanzo wa wiki, wa mwezi, wa muhula, wa mwaka. Mtu akivuka mpaka wa namna hiyo hujiona amemwacha nyuma yule aliyeshindwa jana. Lakini angalia walichokipima, mwanangu. Walipima watu kuanza, na wewe shida yako haijawahi kuwa kuanza. Umeanza kila Januari kwa miaka yote hiyo, na daftari za kuthibitisha unazo chini ya godoro. Kwa hiyo Machi itakusaidia katika sehemu ambayo tayari unaiweza, na hapo ndipo mumeo anapopata haki yake.

Majira yenyewe nayo usiyaamini kupita kiasi. Nilipokuwa kijana nilikaa miaka mitatu kaskazini mwa Uingereza, na mwaka wa kwanza, kalenda iliposema majira ya kuchipua yameingia, nilikunja koti zito nikaliweka juu ya kabati. Siku chache baadaye theluji ilinikuta kituo cha basi nimejifunika khanga, watu wananitazama. Huko kwenu ni zaidi. Mwezi Aprili mwaka 2018, tarehe 13 hadi 15, Minneapolis ilianguka theluji ya karibu sentimita 40, wakati kalenda ilikuwa imeshatangaza majira mapya karibu mwezi mzima. Lake Minnetonka, lililo jirani na mji wenu, wameandika tarehe ambayo barafu yake hutoka kila mwaka, tangu karne ya 19, na kwa kawaida hutoka katikati ya Aprili; lakini mwaka huo wa 2018 ilingoja hadi tarehe 5 Mei, na mwaka 2024 ikatoka tarehe 13 Machi. Ziwa ni lilelile, na tofauti inakaribia miezi miwili. Ukifunga azimio lako kwenye hali ya hewa, ukasema nitaanza kutembea nje kukipata joto, umelikabidhi kwa kitu ambacho hata wenyeji wanakipigia ramli.

Kinachobadilika bila kukosea ni mwanga, na hapo nina neno ambalo mwenzako pengine hakulifikiria, kwa sababu sijui kama yeye hufanya zamu ya usiku. Kwetu Tanga mchana wa Juni na mchana wa Desemba unatofautiana kwa chini ya saa moja, ndiyo maana hatukulelewa kuuchunga. Minneapolis mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi na kuzama yapata saa kumi na nusu jioni. Mtu anayelala asubuhi na kuamka saa tisa alasiri hubakiwa na saa moja na nusu tu ya mwanga, na katika hiyo anapika, anapokea watoto na kutafuta soksi. Kufika tarehe 20 Machi, kwa kuwa pia saa zenu zilisogezwa mbele kwa saa moja Jumapili ya tarehe 8, kama Marekani inavyofanya kila Machi, jua linazama yapata saa moja na nusu jioni, na wewe unayeamka saa tisa unapata zaidi ya saa nne za mwanga. Hilo ni badiliko kubwa kwa mwili wa binadamu, na sehemu ya uzito uliouita uvivu mwezi Februari ulikuwa ni giza. Tangu mwaka 1984, daktari Norman Rosenthal na wenzake walipoieleza hali ya huzuni inayokuja na majira ya baridi na kuondoka nayo, madaktari wa nchi hizo wanaitambua na wana namna za kuitibu. Kwa hiyo ukiona Aprili imefika, mwanga umejaa, na bado moyo umekuinamia vilevile, usiandike azimio, nenda kamwone daktari.

Lakini mwanga huohuo ni adui wa usingizi wa mchana. Wewe unatoka zamu asubuhi, na tangu saa zisogezwe, kila wiki jua huchomoza mapema zaidi ya wiki iliyotangulia, likikupiga machoni kituoni na kuuambia mwili wako kwamba kumekucha. Watu wa zamu ya mchana hufurahi. Wewe utajikuta unalala kwa saa tano tu badala ya saba na kushangaa kwa nini majira ya kuchipua yanakuchosha. Nunua mapazia mazito meusi kabla hujanunua viatu vya mazoezi, vaa miwani ya jua unaporudi nyumbani hata kama binamu yako atakucheka, kisha ukiamka saa tisa toka nje mara moja, uchukue mwanga wako wakati huo. Hilo la kulala kwa saa nane uliloliweka kwenye orodha kama azimio ningeliondoa humo nikaliweka kwenye orodha ya vitu vya kununua.

Sasa nije kwenye soda, kwa kuwa ndilo jambo kubwa kuliko yote katika barua yako, na wewe umeliandika karibu na mwisho kana kwamba unaomba radhi.

Unasema hujawahi kumaliza jambo, na papo hapo unanieleza kwamba kila mwaka, kwa siku 40, unaacha kitu unachokipenda na unamaliza. Umesema hukihesabu kwa kuwa kila mtu kanisani ana chake. Mimi ninakihesabu, na kwa sababu hiyohiyo. Waingereza jina lao la Kwaresima, Lent, limetokana na neno lao la kale lililokuwa jina la majira haya ya kuchipua, lenye asili ya kurefuka kwa mchana, maana yake mwenzako na kanisa lako wanazungumza habari ya majira yaleyale. Sisi Waislamu mwaka huu Ramadhani yetu na Kwaresima yenu zimeanza takriban siku moja, kwa hiyo ninapokuandikia haya nyumba nzima hapa ipo katika shughuli ya namna hiyo, na nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtoto wa jirani asiyeweza kukaa na kitabu nusu saa anaweza kukaa na njaa kutwa.

Tazama jinsi Kwaresima yako ilivyoundwa. Jambo ni moja. Linajulikana lilipoanza, Jumatano ya Majivu, na linajulikana litakapokoma. Jumapili hazimo katika zile siku 40, kwa hiyo pumziko limewekwa ndani ya utaratibu wenyewe, halikuachwa lije kama kushindwa. Na watu wanaokuzunguka wanafanya lao wakati uleule, hata mtu akikupa soda unaweza kusema "nimefunga" na asiulize zaidi. Ramadhani nayo ina jambo ambalo ninatamani ulichukue: aliyeumwa, aliye safarini, mwanamke aliye katika siku zake, hula na kisha hulipa siku zile baadaye. Hakuna anayesema, kwa kuwa Jumanne sikufunga, basi mwezi umeharibika, tuonane mwakani. Wewe ulipoacha kwenda ukumbi wa mazoezi baada ya mara nne, uliufuta mwaka.

Hapa pia kuna watu waliopima. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajaribu kujenga zoea moja dogo, kama kunywa maji wakati wa kula au kukimbia kabla ya chakula cha jioni, na wakakadiria kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 zoea kuanza kujiendesha lenyewe, huku tofauti kati ya mtu na mtu ikiwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi siku 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Umesoma vizuri: zoea moja, dogo, na wastani ni zaidi ya miezi miwili. Wewe umepanga mambo 11 yaanze yote tarehe 20 Machi.

Kwa hiyo orodha ile itoke kwenye friji. Nitakueleza ninavyoiona mimi, nawe utakataa utakachokataa.

Chuo ndilo jambo. Ninajua hivyo kwa sababu katika barua nzima ndilo ulilolitaja la kwanza kila mara, na ndilo pekee uliloliogopa kiasi cha kuifunga tovuti. Mengine mengi yanangoja au yanajipa yenyewe. Kilo 15 mtu hapunguzi akiwa na usingizi wa saa tano, na kule kutembea nje saa tisa alasiri kutafanya kazi yake bila kuandikwa. Kuogelea na kusoma Biblia nzima ni mambo mema ambayo hayana haraka yoyote. Mama yako, nina hakika, atapenda simu mbili za wiki zenye utulivu kuliko saba za kukimbizana. Soda unaijua mwenyewe namna ya kuiacha. Endelea hadi Pasaka na hapo uamue.

Mchicha usiupande Machi, mwanangu, utakufa. Baridi ya kuua miche huko kwenu huweza kuja hadi Mei, na mchicha unataka udongo uliopata joto, kwa hiyo mbegu zake ziingie ardhini mwisho wa Mei. Sukuma wiki na jamii yake huvumilia, unaweza kuiwahi Aprili. Nyanya ndizo wenyeji huzianza ndani ya nyumba wiki sita hadi nane kabla ya kuzitoa nje, kwenye vikopo dirishani. Kazi hiyo wape watoto, na uifanye kwa Kiswahili: mbegu, udongo, mche, jani, umwagilie maji kidogo, usiumwagie mwingi. Mtoto wa miaka 6 atajifunza maneno mengi zaidi kwa kikopo chake mwenyewe kuliko kwa somo la Jumamosi, na wewe umepunguza mambo mawili kwenye orodha bila kuyaacha.

Turudi kwenye chuo, nikiugawa muda kama mwaka wenu wa kanisa ulivyougawa. Kuanzia sasa hadi Pasaka, ambayo mwaka huu wa 2026 ni tarehe 5 Aprili, usisome kitu wala usijiunge na kitu. Kusanya tu. Cheti chako cha kidato cha nne kipo wapi, jina lililomo linalingana na la kwenye hati zako za huko? Chuo kinahitaji vyeti vya nje vithibitishwe na nani, kwa gharama gani? Maombi ya muhula unaoanza mwishoni mwa Agosti yanafungwa lini? Weka miadi na mshauri wa wanafunzi wa chuo kilicho karibu, uende na maswali hayo kwenye karatasi, na umuulize pia habari ya msaada wa ada wa serikali, pamoja na kumuuliza mwajiri wako kama hulipia sehemu ya masomo ya wafanyakazi, maana nyumba za wazee zina njaa ya wauguzi na baadhi hufanya hivyo. Wakulima wa Muheza hawangoji mvua ndipo watafute jembe, na Februari wanayoifanyia kazi wao wewe uliilala kwa haki, kwa kuwa ilikuwa giza. Basi wiki hizi tatu ziwe ndizo za kusafisha shamba.

Kisha kuanzia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 6 Aprili, hadi Pentekoste, tarehe 24 Mei, una siku 49. Vyuo vingi vya uuguzi huko huwapima waombaji kwa mtihani wa kusoma, hesabu na sayansi, na kama chako kinafanya hivyo, basi kila siku ya kazi dakika 40 za kujiandaa na mtihani huo, Jumapili hapana. Usiseme "nitakuwa nasoma." Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba mtu anayeamua mapema ni wakati gani na mahali gani atafanya jambo, hulifanya zaidi kuliko anayeazimia tu, kwa hiyo useme: nikisharudi kutembea na kumimina chai, nitaketi mezani jikoni na kufungua kitabu cha hesabu kabla basi la shule halijawashusha watoto. Siku ukikosa, ilipe Jumamosi. Na tafuta wa kufunga naye. Kama kuna dada mwingine kazini mwenye ndoto hiyohiyo, au katika kundi lenu la upatu, fanyeni pamoja hata kwa simu, ukimkosa, mwambie mumeo awe anakuuliza kila jioni kutoka kwenye lori, "umefunga au umekula?" Akicheka, na acheke, lakini aulize.

Limebaki la fedha, na hili ni la moto kwa sababu kwa bahati mbaya marejesho ya kodi huko kwenu huingia majira yaleyale ambayo huku masika yanaingia. Niseme wazi: ukituma dola 3,400 zote wiki ijayo, nyumba ya mama haitapauliwa kabla ya mvua. Mbao zinunuliwe, zisafirishwe, fundi apatikane wakati ambao kila mwenye boma anamtafuta, na mvua imeshaanza. Ninawajua mafundi wa Tanga, na kaka zako wanawajua zaidi. Waulize kuta ni za nini. Ikiwa ni matofali ya saruji na yamefungwa lenta, hayatayeyuka kwa masika moja, yafunikwe juu kwa nailoni nzito na kuwekewa mawe. Ikiwa ni udongo, jibu langu lingekuwa tofauti, na chuo kingengoja Januari bila aibu yoyote. Kwa kuta za saruji, ningetuma sehemu ndogo sasa ya kufunika na kumwekea mama akiba ya chakula cha masika, ningeweka ada pembeni kwenye akaunti usiyoigusa kwa kadi, na iliyobaki ningeianzishia fungu la mabati la kupaulia Julai au Agosti, mvua zikiwa zimepungua. Waambie kaka zako mwezi huo kwa jina na kiasi kwa tarakimu, tena uwaambie kabla fedha haijaingia, kwa kuwa fedha ikishaingia kila neno lako litasikika kama kukataa. Na mama umwambie mwenyewe, kwa sauti yako, usimwachie kaka aseme kwa niaba yako. Mama aliyejenga mpaka lenta anaelewa maana ya kungoja msimu.

Kama hujakamilisha fomu za kodi, mwisho ni tarehe 15 Aprili, na zipo sehemu ambako watu wa kujitolea huwajazia wenye kipato cha kawaida bila malipo. Usimpe mtu mamia ya dola kwa kazi hiyo.

Miadi ya mshauri wa chuo uiweke wiki hii, kwa simu, ukiamka, kabla ya chai. Na barafu ya ziwa lenu ikitoka, niandikie ilitoka tarehe ngapi, na umefika siku ya ngapi.

Shangazi